Hivi kwanini Fulham hawalivunji lile jukwaa la viti vya mbao?

Winga_wa_Kushoto

Wakuu habari zenu. Naomba wanaojua historia ya viwanja wanisaidie hapa. Pale Craven Cottage kwa Fulham upande wa mtoni wameweka jukwaa jipya la kisasa kabisa, lile la 1972 wakalishusha 2019, lakini upande wa pili kule barabarani wana jukwaa la zamani linaitwa Johnny Haynes Stand, ukuta wa matofali mekundu, paa limesimama kwenye nguzo, alafu juu kule viti ni vya mbao, namaanisha mbao kabisa sio plastiki. Nasikia ni vilevile vya 1905. Sasa klabu iko ligi kuu, mwenye timu hela anazo, kila kiti ni pesa, kwanini hilo nalo wasilishushe wakapandisha ghorofa la maana? Kuna jamaa akanijibu kwamba serikali imekataza. Serikali inaingiaje kwenye jukwaa la klabu binafsi? Na aliyelijenga ni nani, lina nini la ajabu, huyo Haynes ndo nani? Alafu hili linanisumbua zaidi, mbao na watu maelfu juu yake, yale ya Bradford, ule moto wa jukwaa la mbao wa 1985, hayawatishi? Mniwie radhi maswali ni mengi.

Beki_Mkongwe

Salama mkuu, na umegusa jengo ninalolipenda kuliko karibu yote kwenye mpira kwahiyo nivumilie kidogo. Mimi nitakupa historia, mambo ya sheria yupo dada mmoja humu anayajua vizuri atakuja.

Fulham wamehamia pale 1896. Jina la uwanja linatokana na nyumba aliyoijenga Baron Craven mwaka 1780, ile nyumba iliungua 1888 na eneo likabaki pori mpaka klabu ilipolichukua na kulisafisha. Jukwaa lao la kwanza lilikuwa la mbao za kuungaunga, watu wenyewe wakilibatiza kibanda cha sungura, na London County Council ambao ndo walikuwa wakisimamia usalama wa majengo London hawakuliamini hata kidogo, mpaka ikafika mahakamani mwanzoni mwa 1905. Klabu ikaona isiwe tabu, ikamtafuta mtu wa kuwajengea kitu cha kueleweka, ndipo anapoingia Archibald Leitch.

Huyu Leitch usimpite harakaharaka. Ni injinia wa Glasgow, kazaliwa 1865, kazi yake ya mwanzo ni kuchora viwanda. Akapewa uwanja wa Ibrox wa Rangers. Tarehe 5 Aprili 1902 Scotland wanacheza na England pale Ibrox, watu wamejaa kwenye lile jukwaa la kusimama upande wa magharibi, mbao zimefungwa juu ya fremu ya chuma hewani, usiku wa kuamkia mechi mvua kubwa imepiga, na mechi haijaenda mbali sehemu ya sakafu ikaachia, watu wakadondoka mita kama 12 hivi hadi chini. Wakafa 25 na zaidi ya 500 wakaumia. Na mechi iliendelea mpaka mwisho ikaisha 1-1, baadaye ndo wakaifuta kwenye rekodi na kurudiana Villa Park. Leitch mwenyewe siku ile alikuwepo uwanjani. Aliyeshtakiwa ni fundi aliyeleta mbao, kwamba kaweka msonobari wa daraja la chini, mahakama ikamwachia huru.

Mtu mwingine ungetegemea ndo basi tena, nani atampa uwanja? Yeye akawaandikia Rangers akiomba wamwache arekebishe, wakamwachia, na toka hapo akabadilika kabisa, watu wanaosimama akawaweka kwenye tuta la udongo badala ya mbao za hewani, akabuni vizuizi vya chuma vya kugawa watu wasisukumane wote kwa pamoja. Fulham wanamchukua imepita miaka mitatu tu baada ya maafa yale. Kwahiyo unapoliangalia jukwaa la Johnny Haynes unaangalia kazi ya mtu aliyekuwa anajua kwa macho yake jukwaa bovu linafanya nini, na mimi ndo maana naliheshimu.

Kazi nzima ya Fulham ilikula pauni 15,000, rekodi kwa wakati ule. Alijenga jukwaa upande wa barabara ya Stevenage na akajenga ile nyumba ndogo pale kona, ndo wanayoiita Cottage mpaka leo, hiyo nayo ni ya Leitch 1905, wachezaji wanabadilishia nguo humo mpaka kesho.

Beki_Mkongwe

Nimesahau la Chelsea na hili ni tamu. Gus Mears aliyekuwa na uwanja wa Stamford Bridge aliwataka Fulham wahamie kwake, kodi pauni 1,500 kwa mwaka, Fulham wakagoma. Mears akaamua basi naanzisha timu yangu, Chelsea ikazaliwa Machi 1905. Na mchoraji wa jukwaa akamchukua Leitch huyohuyo, mwaka huohuo, yaani majukwaa mawili karibu mapacha yamesimama mtaa na mtaa. La Chelsea lilishushwa miaka ya 70 kupisha East Stand iliyopo leo. La Fulham ndo hili tunaloongelea.

Kiungo_Mkabaji

Haynes ngoja nimseme mimi. Johnny Haynes kacheza Fulham 1952 mpaka 1970, mechi 658, klabu moja tu hiyo England nzima. Nahodha wa England mara 22. Kuna kipindi mshahara wa mchezaji kule ulikuwa na ukomo, mwisho pauni 20 kwa wiki, hata uwe fundi vipi, walipoufuta 1961 Fulham wakampandisha Haynes mpaka pauni 100 kwa wiki, wa kwanza Uingereza kulipwa hivyo. Timu yenyewe haikubeba kombe lolote kubwa na yeye hakuondoka. Alifariki Oktoba 2005 baada ya ajali ya gari, na bahati ilivyo jukwaa lilikuwa ndo linatimiza miaka 100, klabu ikalipa jina lake. Kabla ya hapo lilikuwa linaitwa Stevenage Road Stand tu. Sanamu yake iko hapo nje barabarani tangu 2008. Kwangu mimi hamna jina lingelifaa zaidi.

Dada_Ramani

Nimeitwa nimekuja. Shikamoo Beki, umeeleza vizuri sana.

Winga mdogo wangu, serikali kweli imo ila sio kama ulivyoambiwa. England kuna orodha ya taifa ya majengo yenye thamani ya kihistoria au ya ujenzi wake, yana madaraja matatu, daraja la kwanza, daraja la pili lenye nyota na daraja la pili la kawaida ambalo ndo karibu yote yamo humo, zaidi ya asilimia 90. Jukwaa la Fulham na ile Cottage ya kona yako kwenye daraja la pili la kawaida, yaliingizwa 1987. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jengo, siku hizi Historic England, taasisi ya umma ya majengo ya kihistoria, ndo wanalichunguza na waziri mwenye dhamana anaamua. Mwenye jengo anabaki kuwa mwenye jengo, anaweza kuliuza, kulipangisha, kucheza mpira humo. Asichoweza ni kuvunja au kubadilisha kwa namna inayogusa sura yake bila kibali cha halmashauri, kwa Fulham ni halmashauri ya Hammersmith na Fulham. Ukijichukulia sheria mkononi ni kosa la jinai, sio faini ya kuegesha gari vibaya, unaweza kufungwa hadi miaka miwili.

Sasa angalia huo mwaka 1987 maana hapo ndo roho ya hadithi ilipo na watu wengi wanapita juujuu. Fulham walikuwa wamefulia. Mwaka uliotangulia klabu ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya ardhi na majengo inaitwa Marler Estates, na kampuni hiyohiyo ikawa imeshika viwanja vya Chelsea na QPR (Queens Park Rangers, majirani zao) pia, viwanja vitatu vya eneo moja la London mkononi mwa watu ambao biashara yao ni kujenga na kuuza. Februari 1987 ukatangazwa mpango wa kuziunganisha Fulham na QPR ziwe timu moja, icheze Loftus Road kwa QPR, na Craven Cottage pajengwe nyumba. Fikiria kiwanja kile kilivyo kando ya mto Thames, nyumba za pale zingeuzwa kwa bei gani. Mashabiki wakaja juu, wakaingia hadi katikati ya uwanja wakakaa chini, Jimmy Hill aliyewahi kuichezea Fulham akakusanya watu wakainunua timu, muungano ukafa. Ila ardhi ilibaki mikononi mwa kampuni! Timu wanayo, uwanja sio wao. Vita ya kiwanja ikaendelea miaka kadhaa mbele.

Kwahiyo jukwaa kuingizwa kwenye orodha mwaka huohuo kulikuwa na uzito mkubwa sana. Mtu anayetaka kusafisha kiwanja chote aweke maghorofa, ghafla upande mzima wa barabarani na kona yake hauguswi bila kibali. Siwezi kusema sheria peke yake iliiokoa Fulham, waliookoa ni watu, lakini iliwapa muda, na kwenye vita ya ardhi muda ndo kila kitu. Mimi kila nikisikia mtu anasema haya majengo ya kuhifadhiwa yanaziba maendeleo ya klabu, namwambia kwa Fulham jukwaa lilikuwa moja ya sababu klabu bado ina kwao.

Winga_wa_Kushoto

Asante sana dada na wakuu wote, sikutegemea kabisa kama kuna vita namna hiyo nyuma ya viti vya mbao. Na la Bradford je? Maana hilo ndo bado linanitoa jasho.

Zamu_ya_Usiku

Hilo naomba nilijibu mimi maana nafanya kazi za usalama wa moto na Bradford tunaisoma.

Tarehe 11 Mei 1985, Bradford City na Lincoln City, siku ya sherehe kabisa maana Bradford walikuwa wamechukua ubingwa wa daraja la tatu. Jukwaa kuu la mbao, la mwanzo wa karne, paa la mbao limepakwa lami. Kwenye sakafu kulikuwa na nafasi kati ya ubao na ubao, na chini ya sakafu miaka na miaka takataka zimedondokea humo, makaratasi, vifungashio, hamna anayesafisha. Kitu chenye moto kikapita kwenye upenyo. Ndani ya dakika zisizofika tano jukwaa lote linawaka. Wengi waliofuata mlango wa nyuma walikuta umefungwa. Wamekufa 56. Na kilichonichoma mimi ni kwamba halmashauri ilishawaandikia barua kuhusu zile takataka, na paa lilikuwa libadilishwe baada ya mechi hiyohiyo, vyuma vya kazi vilishanunuliwa.

Uwanja ule kisheria ulikuwa haujabanwa. Sheria ya usalama wa viwanja ya 1975, iliyokuja baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za Ibrox Januari 1971, ilikuwa inabana viwanja vya madaraja ya juu tu, Bradford walikuwa la tatu. Baada ya moto ikatungwa sheria nyingine 1987 ikaziba mwanya huo, majukwaa yenye paa hata ya timu ndogo yakaanza kuhitaji cheti. Majukwaa mengi ya mbao yakavunjwa au yakafungwa.

Sasa turudi Fulham. Kwanza kuwa kwenye orodha ya kuhifadhiwa hakumsamehe mtu usalama, hata kidogo. Uwanja unahitaji cheti cha usalama cha halmashauri, na wakaguzi wakisema eneo fulani lisikaliwe halikaliwi, hata liwe la mwaka gani. Pili, mifupa ya jukwaa la Leitch ni chuma na matofali, mbao ni viti na sakafu ya juu. Kinachoua sio kiti cha mbao peke yake, kinachoua ni takataka chini ya sakafu, mlango uliofungwa, na watu kukosa pa kukimbilia. Ukisafisha chini, ukaweka vya kugundua moshi, ukaacha milango inafunguka na wahudumu wamesimama hapo, na watu ukawaacha washukie mbele hadi uwanjani bila uzio, mambo ni tofauti kabisa. Pale Bradford waliopona wengi walipona kwasababu mbele hapakuwa na uzio wa kuwazuia kuingia uwanjani. Miaka minne baadaye, uwanja wa Hillsborough kule Sheffield, uzio upo, mashabiki wakabanwa wakakosa pa kutokea, wakafa watu 97.

Ni kazi ngumu na ya gharama kulinda jengo kama lile, inabidi uifanye kila wiki bila kuchoka, lakini inafanyika.

Kiungo_Mkabaji

Na baada ya Hillsborough ikaja amri ya viwanja vya juu vyote kuwa vya kukaa. Fulham walipanda ligi kuu 2001 bado wana majukwaa ya kusimama nyuma ya magoli, wakapewa msimu mmoja wa ruksa, alafu 2002 wakaenda kupanga kwa QPR Loftus Road miaka miwili. Wakati ule maneno yalikuwa mengi kwamba hawarudi tena. Walirudi 2004, nyuma ya magoli wakaweka viti, jukwaa la Leitch likabaki kama lilivyo. Sehemu yake ya mbele chini ndo ilikuwa ya watu kusimama zamani, leo ina viti vya plastiki, juu ndo kuna mbao zile zenyewe.

Kukaa pale sio raha kwa mtu mrefu, nasema ukweli, magoti yanagonga kiti cha mbele na ukibahatika vibaya nguzo inakukata goli moja. Watu wanalipa hivyohivyo na wanarithishana viti.

Mtaa_wa_Pili

Naomba niwe tofauti kidogo. Naheshimu historia ila tusiwaambie watu kwamba kuingia kwenye orodha ni kinga. Minara miwili ya Wembley ilikuwa kwenye orodha daraja la pili kama Fulham, ilijulikana dunia nzima, na 2003 ilishushwa kwa vibali halali. Hoja ikawa uwanja mpya hauwezi kujengwa huku minara imesimama pale. Uzito wa hela na wa taifa ukikutana na jengo la zamani, jengo la zamani linaweza kupigwa chini.

Dada_Ramani

Kaka upo sahihi na mimi sijasema kinga. Orodha inalazimisha mtu ajieleze hadharani kabla hajavunja, hiyo ndo nguvu yake. Pale Wembley walijieleza na wakashinda, mimi binafsi iliniuma.

Lakini linganisha na ambayo hayakuwa kwenye orodha. Trinity Road Stand ya Villa Park, ya Leitch, miaka ya 20, ngazi za mbele zinaingia kama za jumba la kifalme, wengi waliliona ndo jukwaa zuri kuliko yote England, halikuwa kwenye orodha, mwaka 2000 likashushwa, hamna wa kumuuliza klabu swali. Goodison Park nayo, Bullens Road ya 1926 yenye zile fito za chuma za Leitch zilizokatana kama herufi X mbele ya ghorofa ya juu, haipo kwenye orodha. Everton wanaume wameondoka 2025, ilikuwa ivunjwe, kilichoiokoa ni uamuzi wa klabu kuwapa timu ya wanawake. Nashukuru sana wamefanya hivyo ila ulikuwa uamuzi wao tu, wangeamua vingine tungekuwa tunaangalia picha saivi.

Na kuna njia ya tatu, ya Highbury. East Stand ya Arsenal ya 1936 iko kwenye orodha tangu 1997, timu ikahama 2006, jukwaa likageuzwa nyumba za kuishi, sura ya mbele iko palepale na ukumbi wake wa marumaru, pale palipokuwa uwanja ni bustani. Jengo limepona, mpira haupo. Mimi nikiwekewa Highbury na Fulham nichague, nachagua Fulham mara mia, jukwaa limejengwa watu wapige kelele humo.

Beki_Mkongwe

Kama ni ukongwe mkitaka kuona la zamani zaidi linalotumika, nendeni Great Yarmouth pwani ya mashariki, pale Wellesley Recreation Ground. Jukwaa la mbao la 1892, miaka 13 kabla ya hili la Fulham, liko kwenye orodha, timu ndogo ya pale inachezea hapo. Halina jina kubwa na ndo maana halitajwi, lakini kwa majukwaa ya mpira yanayotumika linahesabiwa ndo kongwe kuliko yote duniani.

Winga_wa_Kushoto

Hii mada nimeinakili yote nikasome tena taratibu. Swali la mwisho kwa dada au yeyote, je Fulham wangeomba kibali cha kuongeza ghorofa juu ya Johnny Haynes bila kuvunja, wangepewa? Au orodha inamaanisha hata msumari hupigi?

Dada_Ramani

Msumari unapiga, unaomba kwanza. Mfano mzuri uko Ibrox kwenyewe, kule kwa maafa ya 1902. Leitch alirudi akawajengea Rangers jukwaa kuu lililofunguliwa Januari mosi 1929, ukuta wa matofali mekundu wa kuvutia kuliko yote aliyowahi kufanya. Scotland wana madaraja yao, A, B na C, hilo liko B. Mwaka 1991 wakaongeza ghorofa nzima ya tatu juu yake, ukuta wa mbele haukuguswa, fito zake za X zipo. Kwahiyo inawezekana jengo likiwa na nafasi.

Kwa Fulham shida kubwa ni nafasi. Nyuma ya jukwaa ni barabara ya Stevenage, nyembamba, na ng'ambo yake nyumba za watu zimejipanga, ukipandisha ghorofa umewazibia jua na watapinga, mbele ni mstari wa uwanja. Hakuna pa kusukumia. Ndo maana ukuaji wote umeelekezwa mtoni, jukwaa jipya limetokezwa mpaka juu ya ukingo wa Thames na uwanja mzima sasa unakaribia watu 30,000. Lile la 1972 walilolivunja halikufikisha hata miaka 50, la 1905 linaendelea kuuza tiketi.